Chumba cha fundi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kitangiri, hapa Mwanza, kwenye nyumba ya wakwe zangu, zile za juu mlimani ambako gari haifiki, unapanda ngazi za mawe. Baba mkwe alikuwa fundi redio. Watu wa Kirumba na Mwaloni wanamjua vizuri. Alianza na redio za mbao, zikaja televisheni, akawa anatengeneza karabai za wavuvi wa dagaa, na mwishoni hata simu alizifungua. Amefariki huu mwaka wa tatu. Nguo zake ziligawiwa siku ya kuanua tanga kama ilivyo desturi, ila chumba chake cha kazi hakikuguswa. Mama mkwe alitia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Binti yetu mkubwa anaanza kidato cha kwanza Januari, shule ya kutwa, na mpaka leo analala sebuleni na wadogo zake. Atasomea wapi? Chumba kilichobaki ni hicho tu. Mwezi wa tisa mume wangu aliomba ufunguo, mama akampa bila neno.

Shangazi, mle ndani ni msitu. Televisheni za kichogo nimehesabu 14. Betri za gari tisa, moja imevimba tumbo na sakafu chini yake imeota unga mweupe. Friji mbili. Kopo kubwa la mafuta ya kupikia limejaa simu mpaka juu. Karabai saba, taa za tyubu, maboksi ya nyaya, nyavu za dagaa za shemeji yangu, ndoo zilizopasuka. Kuna vitabu vya shule na masalfeti ya nguo za wanangu tangu wakiwa wachanga (hizo ni zangu mimi, sikatai). Na chini ya meza kuna furushi la mifuko ya rambo, kila mmoja umekunjwa pembe tatu kama sambusa.

Mume wangu alianza na nyaya. Jumamosi moja jioni alizimwaga nyuma ya nyumba akazitia kiberiti ili apate shaba. Moshi mweusi tii ukapanda kwa jirani wa juu aliyekuwa ameanika nguo, na mwanangu mdogo mwenye pumu alikohoa hadi alfajiri. Shaba aliuza. Mama mkwe hakugomba. Alisubiri moto uzime, akaenda akafunga chumba, ufunguo ukarudi kwenye pindo la kanga. Tangu siku hiyo anakula chumbani kwake. Mimi aliniambia jikoni neno moja tu: "Ng'wana wane (mwanangu), mle ndani si vyote vya kwetu." Nilidhani ni uchungu wa mume.

Sasa mume wangu anasema akishasafiri mama kwenda kusalimia Magu, atavunja kufuli, aite vijana wabebe kila kitu wakamwage kwenye korongo lililo chini yetu. Wengi wanafanya hivyo, mvua ikinyesha panakuwa peupe.

Mimi sitaki korongo, lakini pia sijui pa kuvipeleka. Na kugawa nimeshaapa sigawi tena. Mwaka jana nilipeleka salfeti mbili za nguo kwenye kituo kimoja cha watoto. Haukupita mwezi nikaliona gauni la binti yangu pale Mlango Mmoja, juu ya meza ya mtumba, linauzwa. Nililijua kwa kifungo cha pili, nilikishona mimi kwa uzi wa kijani nilipokosa mweupe.

Nisaidie. Jambo jingine dogo: siku ile tulipoingia niliona redio moja imefungwa karatasi kwa uzi, imeandikwa kwa mkono wa baba, "Mzee wa Igombe, 3,500 bado." Sijui kwa nini imenikaa kichwani.

Mkaza mwana, Kitangiri

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kile ulichokiita jambo dogo ndicho nitakachoanza nacho.

Ile karatasi imekukaa kichwani kwa sababu inakujibu neno la mama mkwe wako. Amekwambia si vyote vya kwetu, nawe ukasikia kilio cha mjane. Mimi nasikia mke wa fundi anayejua madeni ya mumewe. Chumba cha fundi redio kina mali ya watu. Mtu analeta redio, anaambiwa rudi Ijumaa, Ijumaa hana hela, mwezi unapita, anahamia Sengerema, redio inabaki rafuni na jina lake. Fundi mwaminifu haiuzi. Zidisha hiyo kwa miaka aliyofanya kazi mkweo. Mumeo alipochoma zile nyaya, mama aliona zimo za watu ambao kesho watakutana naye sokoni Kirumba wamuulize.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza vitu vipelekwe wapi, nenda kwake ukaulize ni vya nani. Nenda wewe, saa ambayo mnachambua mboga au dagaa, wakati mikono ina kazi na macho hayalazimiki kutazamana. Chukua daftari na kalamu. Mwambie, "Mama, nimeiona redio ya Mzee wa Igombe. Naomba tuandike vya watu ni vipi." Chumba usikitaje, na kitanda cha binti usikitaje kabisa. Ukitaja kitanda ataona daftari ni hila ya kumtoa ufunguo.

Mumeo naye ana kazi yake, na haiwezi kufanywa na mkewe. Amwendee mama yake aseme amekosa. Zile fedha za shaba azitoe, hata kama alishazila atafute nyingine, azitie mkononi mwa mama. Na hiyo safari ya Magu aifute kichwani. Kuvunja kufuli la mama yako akiwa safarini, nyumba hiyo haitakaliwa kwa amani hata ingekuwa na vyumba kumi.

Mama akianza kutaja, andika jina, mtaa na kitu. Halafu pelekeni habari: kwa balozi, kwa mwenyekiti wa mtaa, matangazo baada ya ibada, na vijiwe vya Mwaloni ambako habari hutembea kuliko redio yenyewe. Mtu aliyeacha kitu kwa marehemu fundi aje akichukue, mwezi mmoja. Watakaokuja watakuwa wachache, nakuhakikishia, na wengine watakuja kwa ajili ya kumpa mama pole waliyochelewa nayo. Kitakachobaki mwezi ukiisha, andikeni mbele ya mwenyekiti na mtie saini. Hapo mama atakuwa amemaliza kazi ya mumewe, na nadhani ufunguo utafunguka kwenye pindo bila kuombwa.

Hiyo karatasi ya mwenyekiti itawafaa mara ya pili pia. Wanunuzi wa chuma chakavu huuziwa mifuniko ya mitaro na nyaya za wizi kila siku, na kijana akionekana anashuka na betri tisa begani ataulizwa amezitoa wapi. Mpeni hiyo karatasi aonyeshe.

Sasa vitu vyenyewe. Unajua, ulipoorodhesha nilicheka kidogo, maana hicho chumba kina miaka ndani yake kama pete za mti. Televisheni za kichogo nyingi hivyo zimetoka wapi? Mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza mwaka 2013, watu wakaona bila king'amuzi TV haina kazi, wengine wakazipeleka kwa fundi "aziangalie" na hawakurudi. Lile kopo la simu naamini nusu yake ni simu feki zilizozimwa nchi nzima Juni 2016. Na furushi la rambo ni la Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mama akaona ni dhambi kutupa kitu kizima. Nyumba yangu mwenyewe ya Bwiru ilikuwa na furushi kama hilo nyuma ya kabati. Hatujazi nyumba kwa uchoyo, tunajaza kwa sababu tuliwahi kukosa.

Anza na betri, na anza leo, hata kabla ya daftari. Kwa hilo muombe mama ruhusa moja tu. Ndani ya betri ya gari kuna madini ya risasi na asidi. Risasi ikimwingia mtoto huharibu ubongo wake taratibu, bila homa wala kikohozi cha kukushtua. Huo unga mweupe sakafuni usifagiwe mkavu, utapeperuka. Watoto wakae mbali, fungua dirisha, vaa glavu za mpira na miwani yoyote, mumeo naye hivyo hivyo. Koroga magadi kwenye maji, mwagia kidogo kidogo. Litachemka povu, hiyo ni asidi inakufa. Likitulia, futa kwa matambara mabichi, matambara hayo tia kwenye ndoo yenye kifuniko, isiwe tena ndoo ya nyumbani. Betri ibebwe ikiwa imesimama, ndani ya beseni lisilovuja. Ile iliyovimba ibebwe peke yake. Msimwage maji yake mtaroni ili ipungue uzito, vijana wa mikokoteni hufanya hivyo na ndiyo maana nasema msiwauzie wao. Ulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi. Ofisi yao ya kanda ipo hapahapa Mwanza, mkiwaendea watawaelekeza kwa nani. Betri chakavu ina soko zuri kwa sababu risasi yake huyeyushwa ikatengeneza betri nyingine. Si ya kutupa wala si ya kugawa bure.

Nyaya zilizobaki msichome. Lile ganda ni plastiki yenye klorini, likiungua linatoa hewa inayochoma koo na sumu nyingine zinazokaa mwilini miaka. Mwanao alikohoa kwa hilo, na jirani wa juu anadaiwa samahani, ikiwezekana na kipande cha sabuni. Nyaya nene zinachunwa kwa kisu kama muwa, mnakaa barazani mnapiga soga. Nyembamba ziuzwe na ganda lake. Bei itashuka kidogo, kifua cha mtoto kitapona.

Televisheni: zijaribuni moja moja kabla ya kuzihukumu. Kichogo kinachowaka bado kinapokea king'amuzi vizuri, na kuna watu Ukerewe na Kome watakichukua kwa furaha kwa bei ya soda mbili. Vilivyokufa msivivunje wala kuruhusu mtu avivunje ili achukue shaba ya nyuma, kioo chake kina risasi na bomba lenyewe likipasuka hurusha vigae. Mawazo yangu ni haya: mwandikieni mkuu wa chuo cha ufundi cha VETA hapa Mwanza, mumwambie mna televisheni na redio mbovu, na vifaa vya fundi. Kijana anayejifunza umeme wa redio anahitaji kitu kibovu cha kufungua kuliko kitu kizima cha kutazama. Mita ya mkweo, pasi yake ya kulehemu, makopo ya vipuri, kama vimo mle ndani, hivyo ni hazina kwa mwanafunzi. Wakikubali, mama aende mwenyewe kukabidhi. Avae kitenge kizuri. Wakichukua nusu mshukuru, nusu nyingine muulize NEMC pamoja na betri.

Friji ambayo bado ina mlango, mng'oeni leo hii au mfunge kwa kamba mpaka iondoke. Mtoto akijificha humo mlango ukajifunga hasikiki. Na msikubali fundi wa chuma akate ule mrija wa nyuma, gesi ya friji za zamani ikitoka inatoboa tabaka la ozoni na kuzidisha joto la dunia. Tafuteni fundi friji mwenye mashine ya kuvuta gesi, ndipo bati na kompresa viuzwe kwa kilo.

Simu zitoeni betri. Iliyovimba isitobolewe, inawaka moto. Kadi na laini toeni zote, na kabla ya hapo mpe binti yako kazi ya kuangalia kama kuna inayowaka. Mafundi huwa na tabia ya kujaribia kamera. Huenda kuna picha ya babu yake. Tyubu zina zebaki, zifungeni kwenye khanga kuukuu zisivunjike, nazo pamoja na betri za simu muulize NEMC.

Rambo usitoe mtaani wala usifungie mtu maandazi. Sheria ya 2019 inakataza hata kuimiliki. Peleka furushi lote ofisi ya mtaa, useme umeikuta kwenye mali ya marehemu. Usiichome.

Karabai, ah! Karabai msiziuze kwa kilo. Wavuvi wengi wa dagaa wamehamia taa za betri na za sola, karabai zinakwisha, na ile shaba ikisuguliwa kwa majivu na limau inang'aa kama kengele ya kanisa. Mama achague moja abaki nayo. Nyingine kuna wenye hoteli na migahawa ya ufukweni wanazitundika kama mapambo, waulizeni, watalipa kuliko mnunuzi wa skrepa. Nyavu za shemeji zitafaa kuzungushia mboga, kuku wasiingie.

Mboga zipi, utaniuliza, kwenye mawe? Hapo ndipo ndoo zilizopasuka zinapofaa, ila si ile ya matambara ya betri. Kitangiri ya juu haina udongo, nakujua kulivyo. Jaza ndoo udongo wa kubeba na mboji, panda mchicha na vitunguu vya majani. Mboji unaitengeneza kwa maganda ya ndizi, majani ya chai, maganda ya mayai na majani makavu, ukiyafunika na kuyageuza mara moja kwa wiki. Vichwa vya samaki usitie, utaita paka wa mtaa mzima. Tangu nianze hivyo, mfuko wangu wa taka kwa gari la taka umepungua nusu, na ile nusu iliyobaki hainuki.

Vitabu, vya hadithi na kamusi vinatakiwa, ulizia Maktaba ya Mkoa au shule ya msingi iliyo karibu. Vya kiada vya zamani mtaala umevipita. Uza kwa kilo au mpe muuza karanga.

Nimefika kwenye gauni. Hapa nitasema nawe kama mtoto wangu, usinune.

Miaka iliyopita nilikusanya nguo, nikapeleka kituo cha watoto na nafsi yangu ikiwa imevimba kama chapati. Mlezi alinikaribisha, akanishukuru, kisha akanionyesha stoo. Ilijaa mpaka dari. Sidiria, tai, koti la baridi la mtu mkubwa, viatu vya kisigino virefu, na vya kwangu vikawekwa juu yake. Akaniuliza kwa upole kama siku nyingine ningeweza kuleta sabuni ya kufulia na dawa ya mba. Nilishuka ile barabara nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimehamisha vurugu za kabati langu nikaziweka kwenye stoo ya maskini, nikataka niitwe mkarimu.

Kituo chako sikijui na siwezi kukisemea. Inawezekana mtu mmoja alijiuzia nguo mfukoni mwake, hayo yapo. Inawezekana pia walikuwa na magauni mengi na hawana unga, wakauza magauni wakanunua unga, na hapo sioni wizi. Lililokuuma, nadhani, ni kwamba ulitegemea kumwona mtoto fulani amelivaa. Ukitaka kuliona limevaliwa, mpe mtu unayemjua. Jirani aliyejifungua juzi. Binti wa shangazi kule Misungwi. Ukitaka kusaidia kituo, piga simu kwanza uulize wanakosa nini, au pita kwa afisa ustawi wa jamii wa kata akuelekeze kituo kilichosajiliwa. Peleka hicho walichotaja, na ukikabidhi, uachie. Kikiuzwa, kimefanya kazi.

Nguo za watoto zilizo nzima, zifue, zipige pasi, rudisha vifungo vyote, uzi wa kijani ruksa. Zilizochoka wape wale akina dada na vijana wanaopita mitaani kubadilisha nguo kwa mabeseni, au zikate matambara ya jikoni na ya gereji. Mafundi magari wa Mabatini wanayanunua. Weka moja ya kila mtoto, ndani ya boksi moja. Boksi likikataa kufungwa, punguza.

Na lile korongo. Mumeo anasema mvua ikinyesha panakuwa peupe. Aulize peupe pale, peusi wapi? Mji wetu umekaa juu ya mawe kama sahani iliyoinamishwa, kitu chochote ukikiacha mlimani kina safari moja tu. Cha upande wa mjini kinaingia mto Mirongo, cha kwenu kinateremka moja kwa moja Mwaloni, chini ya zile boti ambazo mama huletewa dagaa. Kuna watafiti walinunua sangara na sato sokoni hapahapa Mwanza, samaki 20 wa kila aina, wakachapisha matokeo mwaka 2016: mmoja kati ya kila watano alikuwa na plastiki tumboni, na hiyo ni ile tu waliyoithibitisha kwa vipimo. Hiyo ni plastiki. Betri tisa kwenye korongo lenye watoto wanaochota maji ya mvua ni habari nyingine kabisa. Mwambie asiposikia la Shangazi, atamsikia afisa afya wa kata, na faini hailipwi kwa shaba.

Kuteremsha mizigo kwenye ngazi zile kutawagharimu. Msilipe kwa siku, lipeni kwa safari, na mpimie wenyewe juu kabla haijashuka. Azima mizani kwa muuza dagaa yeyote. Mnunuzi akijua unajua kilo zako, bei inabadilika usoni pake. Fedha zitakazopatikana ziandikwe kwenye daftari lile lile la mama. Nashauri zinunue kitanda na rangi ya ukuta, na kabla ya rangi sakafu ya chumba ioshwe mara tatu kwa maji na sabuni, kwa tambara bichi, pale palipokaa betri papigwe saruji mpya. Binti asilale humo kabla ya hapo hata kama Januari imefika. Meza ya kazi ya babu yake muiache. Ni ya mninga, naweka dau, na kidato cha kwanza kinahitaji meza.

Igombe si mbali. Jumapili moja mchukue mama, mpande daladala, mmuulizie huyo mzee pale mwaloni wanaposhushia samaki. Redio mpeni hata kama haiongei. Ile 3,500 mwacheni mama aamue kama ataidai.

Shangazi